Mlimani Mtu Haitikiwi

Nimekasirika, na asiniambie mtu nishushe sauti. Hapa ni kwangu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mjukuu wangu Mercy alikuja kunikalia kando na simu yake, meno yote nje. "Kuka," akasema, "sisi vijana wa kanisa tunapanda mlima Masaba wikendi ya mwisho wa mwezi. Tunatoka Ijumaa, tunarudi Jumapili, tunalala kwa hema. Si wewe ndiye ulikuwanga unapanga hizi safari zamani? Tuangalilie basi."

Babu gani hafurahi akiulizwa kazi yake? Nikatafuta miwani. Kwenye kundi lao la wasapu kulikuwa na orodha ya majina arobaini na moja, na kila jina lilikuwa na tiki. Arobaini na moja! Hata harusi hapa Malava haipati watu wote walioahidi kuja. Nikamwuliza, "Hawa wote wamesema watakuja?"

"Wote, Kuka."

"Huyu Kolinzi je? Si simu yake ilianguka chooni?"

"Huyo nimemwekea tiki mimi. Atakuja tu."

"Na Beti?"

"Beti amewekewa na dadake."

Nikamrudishia simu, nikaingia ndani na kufunga mlango. Akadhani presha imenipanda, akaanza kuita watu. Presha yangu iko sawa! Ni hasira, na hasira hiyo imemzidi umri mama yake Mercy. Kwa hivyo kaeni chini, wewe Mercy na hao arobaini wako. Na Kolinzi mumwite aje mwenyewe, asije akasimuliwa na watu.

Mimi nilikuwa karani wa shamba katika kampuni ya mtu mmoja, ya kukata na kusafirisha miwa. Kampuni yenyewe ilikufa kitambo, na jina lake silitaji, maana wajukuu wa mwenyewe hawana kosa. Miaka hiyo sukari ilikuwa sukari. Malori ya miwa yalifuatana kutoka Matungu hadi Mumias, mtu anasimama kando ya barabara anashindwa kuvuka. Harufu ya molasi ilikuwa inaingia mpaka kanisani, na kila mwenye shamba alikuwa anaezeka mabati. Kila kampuni ilitaka timu ya mpira na kwaya. Meneja wetu, mtu asiyependa kupitwa, akasikia kwamba kampuni nyingine inapeleka wafanyakazi wake mlimani mwisho wa juma. Jumatatu akaniita. "Karani, wewe una mwandiko mzuri. Utapanga safari za mlima."

Ati mwandiko! Mlima wenyewe nilikuwa nauona asubuhi tu, kule kaskazini, kabla mawingu hayajaufunika.

Wacha niwaambie tulivyoenda mara ya kwanza, mcheke, halafu mnyamaze. Tulihitaji hema, na sisi hema tulilolijua lilikuwa moja: turubai la matanga. Nikaliazima kwa jirani, pamoja na vyuma vyake, nikawapa wanaume wanane walibebe. Wanane! Walipofika kwenye mianzi wakalitupa chini, wakaniambia kama kuna maiti niwaonyeshe, na kama hakuna, wao hawabebi tena. Vyuma vikabaki pale. Tulilala tumejifunika turubai lote kwa pamoja kama mihogo iliyovundikwa.

Halafu kuku. Safarini tulikuwa Wakristo na Waislamu, na kwetu ukitaka kila mtu ale nyama bila kuuliza maswali, anayeshika kisu ni Mwislamu. Hiyo ni heshima ya kawaida, hakuna aliyeiona kuwa shida. Mama Zuhura wa Mumias, mtunza stoo wetu na mpishi wa safari, akasema yeye hachinji kuku leo wa kuliwa kesho kutwa. Basi ingokho sita wakapanda Masaba wakiwa hai, wamefungwa miguu, wananing'inia kwenye mizigo. Walipoionja baridi ya kule wakanyamaza kabisa. Asubuhi jogoo hakuwika, tukachelewa kuamka.

Na maharagwe! Tuliyateleka saa sita mchana, saa kumi na mbili bado ni changarawe. Kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kuivisha kitu, lakini mtu wa Mumias angeyajulia wapi hayo? Msabaot aliyekuwa akituongoza alitutazama tu, huku anatafuna viazi vyake alivyovichemsha nyumbani.

Kwa hivyo andikeni, mmezoea kuandika. Maharagwe yachemshwe nyumbani. Sweta ziwe mbili, na moja isiguswe, ikae kwenye nailoni mpaka siku ya shida. Anayetembea polepole kuliko wote aende mbele, kundi lifuate mwendo wake. Nyinyi huwa mnamwacha nyuma na kumwambia "jikaze." Ajikaze na nini? Viatu vivaliwe mwezi mzima kabla ya safari, hata kwenda sokoni, hata kwenda kukama ng'ombe. Na gambuti acheni shambani, kwenye matope yake. Mtu wa miwa huamini kwamba gambuti inaweza kumfikisha popote, hata mbinguni. Nitarudi kwenye gambuti.

Nilisema Mama Zuhura. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa wakati huo nilidhani mimi ndiye namfundisha yeye. Kusoma hakujua, wala hakuona haya. Alikuwa na gunia la vikombe vya bati, na kwenye mkono wa kila kikombe alifunga kitambaa cha leso, rangi na mafundo tofauti. Siku ya kwanza ya safari kila mtu alionyeshwa chake. Tukifika mahali pa kupumzika, Mama Zuhura anatandika gunia, anapanga vikombe vyote, anamimina chai ya tangawizi. Unakuja wewe mwenyewe na miguu yako. Anakutazama usoni, anakwambia, "Asalaam aleikum," na lazima uitike ndipo akupe. Hata wazee wetu wa kanisa walijifunza kusema "aleikum salaam" bila kusitasita. Kikombe kikibaki juu ya gunia, kuna mtu hajafika, na hakuna anayeinua mguu mpaka aonekane.

Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa kila kituo. Mimi niliiona ya kizamani. Nilikuwa na daftari, nina kalamu mbili, nina mwandiko! Siku moja nikamwambia, "Mama, hawa watu wote ninao hapa kwenye karatasi."

Akacheka. "Karani, jina mtu anaweza kuitikiwa. Chai nani atamnywea?"

Nilicheka pia, kwa dharau. Mungu anisamehe.

Sasa ili mwelewe, lazima niwaambie mambo ya shambani. Alfajiri wakataji wanakusanyika kando ya barabara, mimi naita majina. Ukiitwa unasema "Niko!" nami natia tiki. Usipoitika, mstari wako wa miwa anapewa mwingine, na siku yako imekwenda. Lakini binadamu ana mambo yake. Mtoto amelala na homa, mke ameshikwa na uchungu, mto umejaa. Kwa hivyo wakataji walikuwa wanaitikiana. Mwenzako anabadilisha sauti kidogo, anasema "Niko!" mahali pako, nawe unatokea saa mbili unahema, panga begani. Nyapara alijua, akawa anaangalia upande mwingine. Mimi nilijua sauti za watu wote wale, nilijua nani anaitikia kwa koo la nani, na nilikuwa natia tiki. Hakuna aliyeuita uongo. Tuliiona ni huruma, na ilikuwa huruma kweli. Watoto wangapi walipelekwa kliniki kwa sababu ya tiki zangu! Nilijivunia.

Safari ninayotaka kuwaambia ilikuwa ya nne, au ya tano. Tulikuwa watu thelathini na wawili. Kati yetu kulikuwa na mkataji mmoja, Wesonga, mrefu, mpole, panga lake hakuna aliyelifikia. Kwa ajili ya safari hiyo alikuwa amejinunulia gambuti mpya hapa sokoni Malava. Hawakuwa na saizi yake, akachukua kubwa. Soksi hakuwa nazo. Alikuja na rafiki yake, Mukoya. Walikua pamoja, walitahiriwa pamoja, na kule mashambani waliitikiana tangu siku ya kwanza. Mmoja akichelewa, mwingine yuko.

Jumapili asubuhi tulikuwa tunateremka. Tulipofika kwenye uwanda mdogo juu ya mianzi, ukungu ulikuwa umeshuka, mtu unamwona wa tatu, wa nne humwoni. Hapo ndipo kituo cha mwisho. Ukitoka hapo ni saa moja ya kuteremka hadi lilipo lori. Safari hiyo Meneja naye alikuja, na alikuwa amewaahidi wageni wake kwamba jioni atakuwa Kakamega mjini akiwasimulia jinsi alivyopanda mlima. Alikuwa anagonga saa yake kwa kidole. Mama Zuhura ameshapiga magoti, anatandika gunia.

"Hakuna chai," Meneja akasema. "Karani, ita majina twende."

"Bwana Meneja, kidogo tu," Mama Zuhura akamwambia kwa adabu. "Watu wamechoka. Nimimine kwanza."

Na aliyemjibu si Meneja. Ni mimi, kijana wa kumzaa. "Mama, hapa si matangani. Funga vikombe."

Alinitazama. Akaanza kuvirudisha kwenye gunia, kimoja kimoja.

Nikaita majina. Nikafika kwa Wesonga. "Niko!" sauti ikatoka nyuma, kwenye ukungu. Nikatia tiki.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba ukungu ndio ulionidanganya. Ni uongo. Nilijua! Ile ilikuwa sauti ya Mukoya, ameikaza kidogo kama alivyozoea. Niliisikia, nikaijua, na mkono ukatia tiki kama unavyotia kila alfajiri. Nikajiambia, yuko nyuma hapo, anafunga kitu, atatufikia. Kwenye miwa anayechelewa anakuta jua limechomoza na wenzake wako kazini. Mlimani anakuta nini? Niambieni, nyinyi wenye tiki.

Tulipokuwa kwenye mianzi mvua ya mawe ikatupiga. Tulifika kwenye lori tumelowa chapa. Mama Zuhura hakuomba ruhusa ya mtu. Alitandika gunia chini ya mti, akapanga vikombe, akamimina. Watu wakaja mmoja mmoja, asalaam aleikum, aleikum salaam, mpaka gunia likabaki na kikombe kimoja chenye kitambaa cha buluu, mafundo mawili. Chai ilikuwa inatoa mvuke peke yake.

"Hiki ni cha Wesonga," akasema. "Wesonga yuko wapi?"

Meneja akaninyang'anya daftari, akaweka kidole kwenye jina. "Si ametiwa tiki hapa? Basi yuko. Atakuwa kichakani anajisaidia."

Mnasikia? Watu thelathini na mmoja hawamwoni mtu, lakini yuko kwa sababu karatasi imesema yuko! Na karatasi hiyo ni yangu. Nilitamani niitafune.

Mukoya akaweka kikombe chake chini. "Hayuko," akasema. "Ni mimi niliitika. Gambuti zilikuwa zimemtoa ngozi visiginoni. Aliniambia, nenda, ukisikia jina langu itika, nitawafikia." Akaanza kulia, mwanamume mzima, mbele ya watu.

Meneja akasema Msabaot arudi kumtafuta, sisi tuondoke, atakuja na gari lingine. Gari lipi? Mama Zuhura akainuka, akachukua kile kikombe cha buluu, akaenda akakaa chini mbele ya gurudumu la lori, kwenye matope. "Dereva," akasema, "hili gari haliondoki mpaka mwenye chai hii ainywe." Dereva akatoa ufunguo, akautia mfukoni.

Tukarudi juu, Msabaot, Mukoya na mimi, tumebeba blanketi mbili na chupa ya chai. Mukoya alikuwa anaita njia nzima mpaka sauti ikamkauka. Tulimpata Wesonga juu ya ule uwanda, hatua chache nje ya njia, ameketi kwenye majani marefu, mguu umeteguka na kuvimba ndani ya gambuti iliyojaa maji. Hakuwa anatetemeka. Mimi nikafurahi, nikasema, "Afadhali, hata hatetemeki." Msabaot akanigeukia kwa ukali: "Hiyo ndiyo mbaya! Mwili umechoka kupigana." Hilo nalo liandikeni. Wesonga alinitazama, akaniuliza, "Karani, leo nimepewa mstari gani?"

Tukamvua nguo zilizolowa zote. Ile sweta yangu ya kwenye nailoni ikapata kazi. Mukoya akamkumbatia kifua kwa kifua chini ya blanketi, tukamnywesha chai ya sukari nyingi, tone kwa tone. Hatukumsugua, wala hatukumpa pombe. Hayo ni mambo ya kuua mtu. Msabaot akakata mianzi miwili, tukafunga blanketi, tukambeba. Sikuwahi kubeba kitu kizito kama kile, na Wesonga alikuwa mwembamba. Tulilifikia lori giza halijaingia. Mama Zuhura bado ameketi palepale. Chai alikuwa ameibadilisha, ilikuwa ya moto.

Hospitalini wakasema ni homa ya mapafu. Siku nne hakuna daktari aliyekubali kutuambia kama atapona. Na katika siku hizo nne, Meneja aliniita ofisini niandike ripoti. Yeye anasema, mimi naandika. "Mfanyakazi huyo alijitenga na kundi kwa hiari yake mwenyewe." Nikaandika! Kwa mwandiko wangu mzuri, mistari imenyooka, hakuna hata doa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba karani alijua. Wesonga alipona, lakini kifua hakikurudi sawa, na kwa sababu ya karatasi ile hawakumrudisha hata kwenye kazi ya kukaa. Alimalizia maisha yake akiuza nyanya hapo sokoni. Kila nikipita nilinunua, hata kama nyumbani zipo.

Safari zilizofuata, Mama Zuhura alinikabidhi gunia bila mahubiri. "Mimina," akaniambia tu. Nikamimina, mpaka kampuni ikafa. Gunia ninalo hata leo, liko chini ya kitanda, na vikombe havijatoboka. Mercy, utakuja kulichukua. Ukishindwa kulibeba, safari yenu ife.

Lakini hata hayo siyo yaliyonifungisha mlango Jumapili. Siku ya tano nilikwenda hospitalini na ndizi. Wesonga alikuwa ameanza kusema. Nikamwomba msamaha, nikamwambia nilijua si sauti yake. Akaniambia, "Karani, mimi nilikusikia."

"Ulinisikia vipi?"

"Nilikuwa hapo juu yenu, mbali kama mistari kumi ya miwa. Mguu ulikuwa umeteguka wakati huo huo. Nikakusikia unaita jina langu, wazi kabisa. Nikafungua mdomo niseme nimeumia, mnisaidie. Nikasikia nimeshaitika." Akageukia ukutani. "Ningepaza sauti, Mukoya angeonekana mwongo mbele ya Meneja, afutwe kazi. Nikafunga mdomo."